Kwenye treila ilikuwa moto, mbona kwenye pedi imepoa?

Mambo vipi watu wa Kona ya Gemu. Mwezi huu meseji karibu zote zimeimba wimbo mmoja, gemu inatangazwa miaka mitatu minne, treila inatikisa mitandao, watu wanatoa hela mapema, alafu siku inatoka watu wanabaki wanaangaliana. Nimechukua maswali matano. Mengine nimeyapunguza maana kuna mmoja ameandika kurasa nne utadhani anapeleka kesi mahakamani.

SWALI: Shikamoo anko. Mi nataka kujua kuhusu No Man's Sky, nasikia ilikua na sayari kwintilioni 18, sasa gemu yenye dunia kubwa hivo watu walisemaje inaboa? Binamu yangu anasema watu wana gubu tu. (Musa, Morogoro)

JIBU: Marahaba Musa. Binamu yako ana haki kidogo ila sio yote.

Anza na hiyo namba yenyewe. Ni 18,446,744,073,709,551,616, na ukiwauliza watu wa hesabu watakwambia hiyo ni mbili 64 zikizidishwa pamoja, basi. Yani hakuna mtu aliyekaa akachora sayari moja moja, na wala hazijahifadhiwa popote, kompyuta inapewa namba moja ya kuanzia inaiingiza kwenye fomula, fomula inatoa milima, rangi ya anga, majani, wanyama, na ukiondoka ukarudi ile namba inatoa sayari ileile. Ni ufundi mkubwa kwakweli na mi nauheshimu. Lakini ona kinachotokea, kuongeza sayari hakuwagharimu chochote, na kwa sababu hakuwagharimu chochote hakukupi wewe mchezaji kitu kipya cha kufanya. Ni kama khanga, unaweza kuchapa rangi elfu na pindo elfu, ukishajifunga ya tatu unajua ni khanga. Watu walitua sayari ya kwanza wakashangaa, ya pili wakashangaa kidogo, ilipofika ya kumi wakagundua kwamba kila mahali kazi ni ileile, unachimba madini, unajaza mafuta kwenye chombo, begi limejaa, unauza, unaruka.

Sasa kwanini hatukuliona hilo mapema? Kwasababu treila ya kwanza, Desemba 2013, ilionyesha kile kitu kimoja ambacho gemu ilikiweza kuliko zote, mtu anatoka baharini anapanda chombo anaruka mpaka angani bila skrini ya kusubiri. Dakika chache tu hizo. Waliotengeneza ni Hello Games, kastudio ka Guildford kule Uingereza, na wakati ule waliokuwa wanaishughulikia walikuwa wanne tu, wanne Musa, na mkesha wa Krismasi mwaka huohuo ofisi yao ikaingia mafuriko. Mwaka 2014 Sony wakaipandisha kwenye jukwaa lao la E3, yale maonyesho makubwa ya magemu kule Marekani, pamoja na magemu ya makampuni yenye mamia ya wafanyakazi. Mwaka 2015 bosi wao Sean Murray akakaa kwenye shoo ya TV ya Stephen Colbert huko Marekani. Hapo kitu cha watu wachache kikawa kimeshavaa suti ya kitu kikubwa, na kikapangiwa bei ya dola 60, bei ya gemu kubwa kamili.

Na kila alipohojiwa Murray aliulizwa, je wachezaji wanaweza kukutana? Majibu yake yalikua ya ndiyo ndiyo, ila ulimwengu ni mkubwa mno hivyo uwezekano ni mdogo sana. Ikatoka Agosti 2016, na siku zilezile za mwanzo wachezaji wawili wakapangana wakafika sehemu moja, wamesimama palepale, kila mtu anamtafuta mwenzake, hakuna anayemuona mwingine. Wewe unayesema ni gubu jibu hilo kwanza. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wanaicheza kwa wakati mmoja siku ilipotoka, wiki chache baadae wakatawanyika.

Haki ya binamu yako iko hapa: kuna mambo mengine watu walijiahidi wenyewe. Gemu ilipangwa kutoka Juni ikasogezwa mpaka Agosti, na kwa hiyo miezi miwili tu Murray akawa anatumiwa vitisho vya kuuawa, kwa gemu! Mtu aliyefika hapo hawezi tena kuridhishwa na diski yoyote utakayompa. Baada ya kutoka studio ikanyamaza kimya, watu wakadhani wametoroka na hela, kumbe wamejifungia, Novemba mwaka huohuo wakaleta apdeti ya kujenga makazi, Julai 2018 ndo watu wakaanza kuonana na kucheza pamoja kwelikweli, na mpaka leo wanaongeza vitu bila kuchaji shilingi. Ilipofika 2024 maoni ya jumla pale Steam yakawa mazuri sana. Kwahiyo ukiinunua leo unacheza gemu nzuri, ila sio ile watu walilipia 2016, na hilo wanaopenda kusema "mbona mwisho wake ulikuwa mzuri" huwa wanalisahau.

SWALI: Habari yako kaka. Swali langu fupi, kwani hawa watu hawajaribu gemu yao kabla hawajaitoa? Maana Cyberpunk 2077 ilitoka watu wanapita ndani ya kuta, magari yanadondoka kutoka mbinguni. Mtu anayepika si lazima aonje jamani. (Zuwena, Tanga)

JIBU: Nzuri dada Zuwena. Wanajaribu, na mara nyingi wanajua. Kinachogomba ni tarehe.

Cyberpunk ilitangazwa 2012. Sikiliza vizuri, ilitangazwa 2012, lakini walioitengeneza, CD Projekt wa Poland, walikua bado wamezama kwenye gemu yao nyingine, The Witcher 3, kazi yenyewe ya nguvu ikaanza 2016 walipomaliza Witcher na nyongeza zake. Sisi tunahesabu miaka minane ya kusubiri, wao wanahesabu minne ya kutengeneza, na hiyo tofauti yote ikajazwa na matangazo. 2019 wakamtoa mwigizaji Keanu Reeves kwenye jukwaa la E3, ukumbi ukalipuka, wakataja tarehe: 16 Aprili 2020. Kuanzia hapo tarehe ndo ikawa bosi. Ikasogezwa Septemba, ikasogezwa Novemba, na ya Novemba walikua wameshatangaza gemu imekamilika na haisogei tena, bado ikasogea, mpaka 10 Desemba 2020. Sikukuu inakaribia, wawekezaji wanapiga simu, mashine mpya za PS5 na Xbox ndo zimeingia madukani, nani angethubutu kusema tunaenda 2021.

Sasa tatizo la kiufundi ambalo watu wengi hawalielewi. Ule mji, Night City, hauwezi kukaa wote kwenye kumbukumbu ya mashine, kwahiyo unapoendesha gari gemu inatakiwa ivute majengo, watu na magari ya mbele yako kutoka kwenye diski muda wote huku ikitupa ya nyuma. Kwenye kompyuta kali hiyo sio shida. PS4 ni mashine ya 2013 ina diski ya kuzunguka, pole pole kama nini, sasa ukikanyaga mafuta unafika sehemu kabla nyumba hazijafika, ndo unaona barabara tupu, sura za watu kama udongo, gari linatokea hewani. Wao walitengeneza kwanza ing'ae kwenye kompyuta alafu waibane iingie kwenye PS4, na mmoja wa waanzilishi wao, Marcin Iwiński, alikuja kulisema hilo kwenye video ya kuomba radhi Januari 2021, akasema pia kwamba majaribio yao hayakuonyesha matatizo mengi ambayo watu waliyakuta. Hiyo sentensi ya mwisho wengi hatukuimeza. Matatizo yale mtoto wa darasa la pili angeyaona ndani ya nusu saa.

Na hapa ndo kuna kitu kinachonikera mpaka leo. Wiki chache kabla bosi wao mwingine aliwaambia wawekezaji kwamba kwenye mashine za zamani inaenda vizuri kwa kushangaza. Wanahabari waliopewa gemu mapema walipewa ya kompyuta tu, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe, watumie za kampuni. Kwahiyo maksi za kwanza zikatoka juu, 9 kwa 10, 10 kwa 10, na wewe wa PS4 ukaona haya twende. Watu milioni 8 walikuwa wamenunua kabla haijatoka, na kampuni yenyewe ikasema mauzo hayo ya mapema ya mtandaoni pekee yameshazidi gharama zote za kutengeneza na kuitangaza. Umeona dada? Siku gemu inatoka faida imeshaingia. Kuonja kwa nini tena.

Sony waliiondoa dukani kwao ndani ya wiki moja, wakarudisha hela za watu, ikarudi Juni 2021. Septemba 2023 ndo ikaja apdeti ya 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty, ikawa gemu tamu sana, naicheza mpaka sasa. Ila PS4 hazikupewa hiyo, zikaachwa njiani.

SWALI: Oya vipi, sisi wa vibandani mnatusahau sana kwenye hii kona. PES ilikufaje? Mbona eFootball ilikuja imevurugika vile? (Baraka, Arusha)

JIBU: Poa Baraka, hamjasahauliwa. Ila hii jibu lake ni fupi.

Konami, wenye hiyo gemu ya mpira ya PES, walitaka mambo mengi kwa mpigo. Julai 2021 wakatangaza jina la PES linazikwa, linakuja eFootball, bure kabisa, injini mpya (ile programu inayoendesha gemu yote kwa ndani) ya Unreal badala ya ile yao ya Fox, na mpango wa baadae mtu wa simu acheze na mtu wa PS na mtu wa kompyuta. Kwenye karatasi wazo zuri mno, hasa kwetu ambao simu ndo mashine ya wengi. Sasa kubadilisha injini kwenye gemu ya mpira maana yake miguso yote, mbio, kugeuka, jinsi mpira unavyogonga nyasi, unaanza upya, vitu walivyovisuka miaka na miaka. Na bado walikua na tarehe, msimu wa ligi hausubiri mtu. Ikatoka 30 Septemba 2021 na timu tisa. Tisa! Sura za mastaa zikawa vituko vya mitandao, refa anakimbia kama ana mzigo kichwani, ikawa kwa muda ule ndo gemu yenye maoni mabaya kuliko zote pale Steam. Kesho yake Konami wakaomba radhi, na toleo lililokamilika, wao wenyewe waliliita 1.0, likaja Aprili 2022. Yani ile ya Septemba hata namba ya moja ilikuwa haijafika.

Vibandani watu waliendelea na PES za zamani zilizochomekwa jezi za Simba na Yanga na watundu wa mtaani na kusema kweli hakuna aliyepoteza kitu, isipokua wenye vibanda walioshawishiwa kununua mashine mpya.

SWALI: Assalam alaikum. Mimi nasoma programu hapa Maskati, nina wazo la gemu kubwa sana, mchezaji anaanza kijiji cha wavuvi anajenga dola yote ya biashara Bahari ya Hindi, majahazi, vita, ndoa, siasa, hali ya hewa, kila kitu. Marafiki wanasema nimeota. Nianzie wapi? (Salim)

JIBU: Waalaikum salaam Salim. Wazo lako ni zuri na ndo maana naogopa kwa ajili yako.

Will Wright, mzee aliyetuletea The Sims, mwaka 2005 alisimama mbele ya watengenezaji wenzake Marekani akaonyesha Spore. Unaanza kama kidudu kwenye maji, unapanda nchi kavu, unakua kabila, unakua taifa, unaruka anga za juu. Watu walitoka pale wamepagawa. Ikatoka 2008, na kile kifaa cha kutengeneza viumbe kilikua cha ajabu kweli, watu walitengeneza mamilioni ya viumbe. Lakini hizo hatua tano kila moja ilikua gemu ndogo yenye kina cha kifundo cha mguu, ya kabila ni nyepesi kuliko gemu yoyote ya kabila, ya taifa ni nyepesi kuliko gemu yoyote ya taifa. Nguvu za watu ni zilezile, ukizigawa mara tano kila hatua inapata moja ya tano tu. Alafu orodha yako nimehesabu inazidi tano.

Mfano mwingine mchungu zaidi ni Anthem ya BioWare. Hawa sio wadogo, ndo waliotengeneza magemu ya Mass Effect, na kampuni kubwa ya EA iko nyuma yao. Kwa habari alizokusanya mwanahabari Jason Schreier mwaka 2019 kutoka kwa waliofanya kazi pale, walikaa miaka wanajadili gemu yao ni nini hasa. Kuruka angani, kitu ambacho kila aliyecheza Anthem anakisifia, kiliwekwa kikatolewa kikawekwa kikatolewa, mpaka bosi mkubwa wa EA alipokuja kuona maendeleo na hakufurahi, wakakirudisha ili kumridhisha, akakipenda, basi kikabaki. Na ile demo nzuri iliyoonyeshwa E3 2017, baadhi ya watengenezaji walisema hapo ndo na wao walielewa gemu yao itakuwaje! Jina lenyewe lilibadilishwa siku chache kabla ya kupanda jukwaani. Gemu halisi ikajengwa haraka haraka mwishoni, tena kwenye injini ya Frostbite iliyoundwa kwa magemu ya vita ya Battlefield, haina hata begi la kuhifadhi vitu, kila kitu waunde wenyewe. Ilitoka Februari 2019, mpango wa kuifufua ukafutwa 2021, na EA ikatangaza seva zinazimwa 12 Januari 2026, na kwa kuwa inachezwa mtandaoni tu, seva zikizimwa hata aliyeinunua hana kitu.

Sasa Salim, nianzie wapi ndo swali. Chukua jahazi moja. Tengeneza kupanda tanga na kushika usukani kwenye upepo wa kaskazi, hakuna vita, hakuna ndoa, hakuna hata bandari, tumia maboksi ya kijivu badala ya picha, mpe mdogo wako acheze na wewe usiseme neno. Akiomba aendelee umepata gemu. Akirudisha simu baada ya dakika mbili hakuna dola ya Bahari ya Hindi itakayomrudisha, na bora umejua sasa kabla hujachora Zanzibar yote. Na usipige treila, nakusihi, hata ya kurusha kwa marafiki, maana ukishaonyesha vita ya majahazi utaitengeneza hata kama haifai, umeshaahidi. Ukitaka hela mapema fanya kama Markus Persson wa Minecraft, 2009 alianza kuuza kitu ambacho hakijaisha kwa bei ya chini na kila mnunuzi anajua hakijaisha, akiongeza kitu watu wanakicheza wiki hiyohiyo, toleo kamili likaja Novemba 2011. Hakuna aliyelalamika kwamba amedanganywa, walikua wanaona kila tofali.

SWALI: Bro GTA 6 niweke oda mapema au nisubiri? Nina hela mkononi na inaniwasha. Alafu kuna duka liligoma kunirudishia hela ya gemu nyingine mwaka jana, sheria zikoje? (Kelvin, Nakuru)

JIBU: Kelvin, ya mtandaoni haiishi dukani, kwanini uweke oda? Zamani diski zilikua zinaisha kweli, mtu alikuwa na sababu. Leo unalipia kusubiri. Oda ya mapema inawapa hela kabla hawajakuonyesha chochote cha kushika, na Zuwena hapo juu ameshaona matokeo yake.

Kuhusu GTA 6, Rockstar wanaoitengeneza walitoa treila ya kwanza Desemba 2023, wakasema 2025, ikasogezwa Mei 2026, ikasogezwa tena mpaka 19 Novemba 2026. Watu wanatukana mitandaoni, mi nikisikia imesogezwa napumua, ila kusogeza pekee hakuniambii kitu maana Cyberpunk nayo ilisogezwa mara tatu. Subiri wiki moja. Tafuta mtu wa kawaida, asiyepewa gemu na kampuni, anayecheza kwenye mashine kama yako hiyohiyo, usiangalie treila yake, angalia saa yake ya tano, pale anapoendesha gari tu hajui aende wapi. Akiwa bado anacheka, toa hela.

Sheria: Steam wanarudisha hela ndani ya siku 14 za kununua kama hujacheza zaidi ya saa 2. PlayStation Store siku 14 pia, lakini ukishaanza kuipakua tu au kuicheza basi imeisha, hawarudishi labda gemu iwe mbovu, kwahiyo usibonyeze kupakua huku bado unajiuliza. Madukani kwetu inategemea risiti na roho ya muuzaji, kaulize kabla hujalipa, na uliza mbele ya watu.

Alafu kitu kimoja, kwenye meseji yako, sehemu niliyoipunguza, umesema una PS4. GTA 6 imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series peke yake. Hiyo oda ungeenda kuichezea wapi?